Arobaini kwa Mia

Sindano ina uzito wa gramu mia.
Huachiwa sekunde tano, si zaidi,
juu ya lami iliyotulia kikopeni.
Lami changa huipokea kama siagi ya mchana.
Hii ilisita mlangoni.
Kumi na nne, nikaandika. Kumi na nne tu,
ncha ya penseli ikavunjika, kana kwamba nayo inapimwa.

Ni lami ya baba yangu.
Aliimwaga kiangazi nilichozaliwa,
kutoka kiwanda cha mbao hadi daraja la Aiviekste,
yeye na Arvīds na Staņislavs mwenye jicho moja,
mashati viunoni, korongo wakiwafuata nyuma
kuokota vyura waliofukuzwa na joto.
Miaka thelathini na sita ya chumvi na jembe la theluji
imeifyonza mafuta, ikaacha mfupa.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema;
hawakusema afanyweje aliyekwisha kukauka.

"Ikafukiwe nyuma ya machimbo," akasema mhandisi Gundars.
Si mtu mbaya. Ana bajeti, ana ratiba.
Mashine ya kukwangua ilikuwa imeshapita,
na rundo limesimama uani, jeusi, linang'aa mvuani,
matale mazima kabisa ndani yake,
kokoto ambazo tungezinunua tena ng'ambo, kwa meli.
Nikasema: nipe wiki tatu.

Polima huja kwa magunia, punje nyeupe,
ungeweza kuipikia uji mgeni asiyejua.
Huyeyushwa ndani ya lami mpya saa nyingi
hadi lami ishike tabia ya mpira.
Niliuvuta uzi wake majini, sentimita ishirini,
mweusi, mwembamba kama unywele wa farasi,
nikaukata katikati kwa mkasi
nikaketi nusu saa.
Ncha mbili zikajikunja, zikarudi kwao.

Lakini ukiichanganya na ya zamani?
Kipande cha kwanza kilipasuka kwenye friji
kwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja biskuti chumba cha pili.
Cha pili pia.
Cha tatu nilikiharibu mwenyewe: niliipasha ya zamani kwa pupa,
ikafuka moshi wa buluu,
na Gundars akapita mlangoni asiseme neno.
Hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Ya zamani haitaki kuharakishwa.
Niliiacha itoe unyevu wake polepole,
nikaitafutia lami laini zaidi, nikazidisha polima,
nikakoroga mpaka bega likalalamika.
Kipande cha nne hakikupasuka.
Nilikaa nacho kiganjani, baridi ikiniunguza,
hadi mlinzi Zigfrīds akaja kuzima taa.

Jumapili nilimkuta baba jikoni
akiminya mpira mdogo aliopewa na muuguzi.
Tangu kiharusi, mkono wa kulia humtii nusu.
"Ya kwangu mmebakisha kiasi gani?"
"Arobaini kwa mia."
Akaminya. Mpira ukajaa tena kabla ya vidole.
"Basi sitini ni yenu," akasema.
"Msije mkanisingizia mashimo."

Tuliimwaga Agosti.

Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nilitembea na tochi kabla ya mapambazuko.
Kilomita ya kumi na mbili, penye kituo cha basi kilichofungwa,
ufa.
Nikapiga magoti, nikapangusa theluji kwa glavu:
milimita moja na nusu, urefu wa mkono wangu,
haujafika katikati ya njia.
Sikuweza kujua ni wa arobaini au wa sitini.
Nikaandika tarehe.

Kisha lori la magogo likatokea msituni, taa kamili,
nikarukia thelujini, magoti yakazama.
Lilipita juu ya ufa na mzigo wake wote wa misonobari,
na mimi, kiganja kikiwa bado barabarani,
niliisikia ikibonyea, kidogo mno,
na ikarudi.